Galaksi Aliyoiona Bi Somoe

Tulipokwisha kumzika Mwalimu Tobias kule Rondo, sisi wanafunzi wake wa zamani tulikaa nyuma ya nyumba karibu na masufuria, watu waliokwisha kulia na sasa wanasubiri wali. Wazee wote. Mmoja hana meno ya mbele, mwingine hatoki bila fimbo, na mie magoti yangu yanajulikana mpaka hospitali. Tukawa tunamsema marehemu kwa mema yake, ghafla Bakari, aliyekuwa kiranja wetu, akacheka peke yake, akasema, "Jamani, leo niseme, maana mwenyewe hayupo. Ile siku ya darubini mie sikuona kitu." Hadija akadakia, "Wewe? Mie niliona kope zangu mwenyewe!" Lo! Kumbe hilo donge kila mtu alikuwa nalo rohoni miaka yote hiyo. Tukacheka mpaka shemeji wa marehemu akatoka nje kutazama matanga gani haya. Mmoja mmoja akasema lake: huyu aliona giza, yule aliona mwanga wa tochi ya mtu wa nyuma yake, na wote siku ile walimwambia mwalimu, "Mashaallah, nimeiona." Wakanigeukia mimi. "Na wewe Skola?" Nikasema nami sikuona, na ni kweli sikuona. Lakini aliyeona namjua. Nililala naye nyumba moja mwaka mzima, na tangu siku hiyo ya mazishi hanitoki kichwani.

Jina lake Bi Somoe. Nyumba yake ilikuwa Kilwa Masoko, nyuma ya soko, hatua chache kutoka kisima cha mtaa. Mie nilikuwa kidato cha tatu, msichana wa Rondo mwenye miguu mirefu na maneno mengi, na shule haikuwa na bweni, ndipo nikapangiwa kwake. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba na madumu ya mafuta ya nazi, na nguo zangu zote zilinuka nazi, mpaka kanisani wenzangu walikuwa wananinusa na kucheka. Kila alasiri majirani walikuja ukumbini na mafungu yao ya ukindu, wakasuka ukili wa mikeka na kusema watu. Mie nilijifanya nasoma. Pale ndipo nilipojua nani kaachwa, nani kaolewa kwa siri, na nani kaweka sukari kwenye mchuzi akidhani ni chumvi. Bi Somoe alikuwa msukaji kuliko wote. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku yeye akitazama mlangoni, na wenzake wakipotea njia kwenye ukili walimpa aupapase, akawaambia, "Hapa umeruka moja." Mie nikadhani ni umahiri tu. Na umahiri ulikuwapo, nisiseme uongo.

Chakula cha nyumba ile ninakikumbuka mpaka leo nikiwa na njaa, na nikiwa nimeshiba pia. Muhogo wa nazi asubuhi. Mchana ugali na samaki wa kukaanga, na jioni mbaazi. Nilipotoka likizo nilileta ming'oko kutoka kwetu, akaipika na kunitania, "Watu wa porini mnakula mizizi, halafu mnataka kusoma mambo ya mbinguni." Huku anaila, na maganda ni mengi upande wake kuliko upande wangu! Kila Jumapili aliniamsha mapema mwenyewe: "Amka weye, uende kanisani. Ukiwa kwangu huachi sala yako." Nilimpenda, lakini kitu kimoja kiliniudhi. Hakuwahi kunitazama usoni. Nikimwamkia, "Shikamoo bibi," yeye "Marahaba mwanangu," na macho yake yako begani kwangu, au sikioni, au ukutani. Nikasema moyoni, haya, ndivyo watu wa pwani wanavyotudharau sisi wa bara. Niliibeba hasira hiyo miezi kadhaa.

Basi siku moja nikarudi shule mapema. Asubuhi nilikuwa nimeanika sare yangu ya pili kwenye msumari wa mlango wa chumba changu, na juu yake nimetundika kofia ya ukindu. Nikaingia kimya kimya, kiu imenishika. Nikamsikia Bi Somoe ukumbini, "Umerudi mwanangu? Pole na jua." Nikataka kuitika, nikaona hanisemeshi mimi. Anaisemesha ile sare. "Nimekuwekea maji mtungini. Kunywa kwanza." Akangoja. "Nakusemesha unaninyamazia? Ndiyo adabu za Rondo hizo? Nani kakuudhi?" Akasogea, sauti yake ikawa laini, "Skola, mama yako mgonjwa? Sema." Akanyosha mkono kunishika shavu, akashika ukingo wa kofia. Mie nilikuwa nyuma yake. Sikucheka. Nikasema taratibu, "Bibi, niko huku."

Aliketi palepale sakafuni. Halafu akanieleza, uso ameugeuzia dirishani. Macho yake yalianza kufifia katikati. Akitazama kitu, pale anapotazama ndipo panapoingia giza, na pembeni mwake panabaki. Akitazama mtu anaona mabega na nguo, uso hakuna. Kwa hiyo amejifunza kutazama kando ili apate kidogo. "Hospitali walisema haponi mtu ugonjwa huu. Sawa, ya Mungu. Ila Mfaume asijue." Mfaume alikuwa mwanawe wa pekee, mfanyabiashara wa Lindi, ana nyumba kubwa Rasbura, na kila akija Masoko alikuwa anamsihi ahamie kwake. "Akijua sioni atanichukua siku hiyohiyo. Mwanangu ana huruma, huruma yake ndiyo itakayoniua. Atanikalisha kwenye kiti barazani pake, niletewe uji, niulizwe nimelala vipi. Hapa najua kila msumari. Jiko langu nalijua, wenzangu nawajua kwa sauti. Nikitolewa hapa, Skola, ndiyo nitakuwa kipofu." Kisha akalia, analia kwa hasira, anapiga sakafu kwa kiganja. Nami nikalia. Nikamwambia hatajua mtu.

Leo nikiwa na umri wake najiuliza kama tulifanya sawa. Mwanangu wa Dar es Salaam naye ananipigia simu kila wiki, "Mama, njoo huku, utakaa peke yako mpaka lini?" Namjibu nitakuja, siendi. Basi jibu langu ni hilo. Mwaka ule sikuwaza kama ni sawa au si sawa, tulikuwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa nakohoa mtu akiingia: mara moja mwanamke, mara mbili mwanamume. Ndoo haikusogezwa mahali pake. Taabu ilikuwa njiani. Kwetu kumpita mtu bila kumsalimu si jambo dogo, ni ugomvi au majivuno, na watu walianza kunong'ona kwamba Bi Somoe siku hizi anaringa. Dawa aliyoitafuta mwenyewe ni kusalimu kila kitu. "Asalaam aleikum!" kwa jirani, "Hamjambo!" kwa watoto, na siku moja, mbele ya soko, kwa heshima zote, akamwuliza hali mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo. Mie nikamjibia, "Hajambo, bibi." Tulicheka njia nzima mpaka khanga ikamdondoka.

Mwalimu Tobias alitufundisha fizikia. Mwembamba, shati lake la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni hata kwenye joto la Kilwa. Mgeni mmoja aliyekuja kuchimbua magofu ya Kisiwani alimwachia darubini, kioo chake upana wa sahani ya kulia wali, na mwalimu akaitunza kama mtoto mchanga, ameivika foronya. Ukutani alibandika picha iliyokatwa kwenye gazeti. Hiyo, alisema, ni galaksi, nyota nyingi mno pamoja na gesi na vumbi, zimeshikamana kwa mvuto wao wenyewe. Ziko za umbo la yai, ziko zilizojisokota. Na katika hizo zilizojisokota, ziko ambazo zimepitiwa katikati na mhimili wa nyota ulionyooka, kama hii, na mikono yake miwili haitoki kitovuni, inaanzia kwenye ncha za mhimili, mmoja huku na mmoja kule, ndipo inazunguka. Kitovuni nyota ni kuukuu, za manjano. Mikononi ni changa, za buluu, bado zinazaliwa. Ule mhimili unavuta gesi kutoka nje na kuipeleka ndani, kwa hiyo katikati hapatulii. Alizungumza bila kutazama daftari, chaki mkononi, na mwishoni shati lake zima lilikuwa jeupe.

Iko mbali kiasi gani, tuliuliza. Mwanga wake, alisema, umekuwa njiani kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Bakari akanyosha mkono, "Sasa mwalimu, ipo bado?" "Hatujui. Tunaiona ilivyokuwa." Kisha akatuambia iko kwenye kundi la nyota liitwalo Tanuru, upande wa kusini wa mbingu, na kwamba sisi wa Kilwa inatupanda juu kichwani kuliko wenye nchi za kaskazini wenye madarubini makubwa. Hilo lilitupendeza, tukaona kumbe kuna kitu tumepewa. Siku hizi mjukuu wangu ananionyesha picha yake kwenye simu, rangi tele, na anasema wataalamu wamegundua kwamba hata galaksi yetu hii tunayoishi ina mhimili. Walichelewa kujua kwa sababu sisi wenyewe tumo ndani. Nikamwambia hilo halinishangazi, mie nilikaa miezi na mtu chumba cha pili na sikumjua.

Lakini kilichonifanya nisimame dawati likagonga ni jambo alilolisema mwisho. Alisema mwezi ukiingia giza ataalika wazazi na walezi waje shuleni baada ya isha waitazame. "Ila mkumbuke. Kitu hafifu hivi ukikikazia jicho hukioni. Katikati ya jicho pameumbwa kwa ajili ya mwangaza. Gizani, pembeni mwa jicho ndipo penye nguvu. Tazameni kando, kitajitokeza." Nilikimbia mpaka nyumbani. Bi Somoe alikuwa na wenzake, ikanibidi ningoje mpaka waondoke, roho inanitoka. Nikamweleza yote, mhimili, mikono, nyota changa na kuukuu. Aliuliza swali moja tu kwanza: "Mikono haianzii katikati?" Nikasema hapana, kwenye ncha. Akafikiri, vidole vinasuka. "Basi si kawa ya kufunikia chakula hiyo. Kawa unaanza na kitovu, unazunguka. Hiyo ni msala wa umbo la yai, unanyosha kwanza, ndipo unazunguka." Ndipo nikamwambia lile la kutazama kando. Vidole vikasimama. "Mwalimu kasema hivyo? Kwa mdomo wake?" "Kwa mdomo wake, bibi." Akacheka kidogo. "Basi nami nitakwenda kutazama."

Mfaume akaja wiki ileile, na safari hii hakuja kusihi. Maneno ya mtaani yalimfika Lindi: mama yako hasalimu watu, mama yako kamwamkua mbuzi. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayetembea na mkebe wa halua. Usiku wa kwanza nikamsikia ukumbini, "Mama, nitungie uzi kwenye sindano hii." "Tunga mwenyewe, huna mikono?" "Mama." "Nimechoka." Mfaume akasema, "Keshokutwa kuna lori la rafiki yangu linarudi Lindi. Nimekwisha zungumza naye. Vitu vyako vitapakiwa vyote, hata mtungi. Sikuachi tena hapa na mtoto wa watu." Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Bi Somoe akajibu, "Kesho nimealikwa shuleni kwa Skola. Nikitoka huko tutasema." Nililala macho wazi, madumu yananinukia, nikijua keshokutwa nyumba ile itakuwa tupu.

Kesho yake baada ya isha tulikwenda watatu, Mfaume mbele na tochi. Uwanja ulijaa watu wamevaa kama wa sikukuu. Walitangulia wakubwa wa ofisini, wakafuata wazazi, kisha sisi wanafunzi. Mwalimu Tobias kwa kila mtu alirudia, "Usiitazame yenyewe, tazama kando kidogo." Nani amsikilize? Umealikwa na mwenyeji, umepewa kitu utazame, utazame kando! Si ufidhuli huo? Basi kila mtu alikaza jicho, hakuona kitu, na kwa kuwa hakuna mstaarabu wa kumwambia mwenyeji kwamba chungu chake kitupu, kila mtu akasema, "Mashaallah, mwalimu, nimeiona." Mfaume naye akainama, akainuka. "Lo, nimeiona! Inawaka kama taa za gari." Mwalimu akasema ahsante. Nilikuwa karibu naye, nikamwona alivyoinamisha kichwa. Galaksi ile haiwaki kamwe kama taa za gari.

Zamu ya Bi Somoe ikafika. Nilimwongoza kwa kiwiko, Mfaume anatutazama. Akaweka jicho, akatulia. Kisha akageuza uso, kidogo tu, kama alivyonifanyia mimi mwaka mzima. Nyuma wakacheka, "Bibi, tundu liko huku!" Mwalimu akasema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia, "Mwacheni." Tukangoja. Nikasikia Mfaume anapumua kwa nguvu, anajiandaa kumshika mama yake amwondoe. Hapo Bi Somoe akasema, "Imefifia sana." Akageuza uso kidogo tena. "Lakini katikati pamenyooka. Mhimili umelala hivi." Akainua mkono wake wa kushoto gizani, akaulaza mshazari, si kama ilivyo kwenye picha ya darasani, bali kinyume chake. "Na ncha hii inaanza kupinda. Hii nyingine siipati." Akaondoa jicho. "Nzuri, mwalimu. Imekonda, lakini nzuri." Mwalimu Tobias akainama harakaharaka kwenye darubini, akakaa pale, akainuka. Darubini ile hugeuza vitu, kushoto kuwa kulia kama kwenye kioo cha kujitazamia, na jambo hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata sisi. "Ndivyo ilivyolala," akasema. "Ndivyo ilivyolala, bibi." Akatoa kitambaa akafuta uso, akaacha kitambaa kikaanguka asijue.

Tuliporudi mpaka mlangoni Mfaume akamulika tochi chini, akasema, "Mama, mie sikuona kitu kule." "Najua, mwanangu." "Sasa macho yako yote hayo, mbona watu wanasema huwasalimu?" "Wasio na maana siwaoni," akajibu, na Mfaume akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetua mzigo wake mwenyewe. Asubuhi lori likaondoka naye peke yake, mkebe wa halua ameuacha mezani. Hakumuuliza tena habari za kuhama, na Bi Somoe aliishi katika nyumba ile mpaka alipofariki, miaka mingi baadaye, kitandani pake, mikono yake ikijua kila kitu kilipo.

Lori lilipokwisha pinda sokoni, nilidhani atashangilia. Nilitaka tuile halua yote siku hiyohiyo. Yeye akasimama mlangoni, akaniita. "Njoo hapa penye jua. Simama ubavuni kwangu, hapa. Ufundi ule wa jana, wa kutazama kando na kutulia hapohapo, nataka kuujaribu mahali pengine." Nikasimama. Akanishika mabega, akanisogeza nusu hatua, akanirudisha. "Mwaka mzima umelala kwangu, umekula kwangu, umemwongopea Mfaume kwa ajili yangu. Uso wako sijapata kuuona, Skola. Nikikutazama unaondoka." Akageuza kichwa, akautazama ukuta wa jirani, akautazama kwa bidii kama mtu anayesoma. "Una kipaji kipana," akasema, kwa ukuta. "Na mashavu. Kumbe we mzuri! Mbona hukuniambia?" Hapo nikashindwa, machozi yakanitoka, mabega yakaanza kunitetemeka.

"Tulia, mwanangu," akasema, macho yake bado yako ukutani. "Ukitikisika nakupoteza."

Nikajikaza, nikatulia, mpaka akamaliza kunitazama.